SOMO LA AFYA: Mzee Akianza Kuchanganyikiwa, Usiseme Ni Uzee Tu



Tuchukue mfano wa nyanya wa miaka 76. Amekuwa na homa na kikohozi kwa juma moja, na chakula hataki. Mkaza mwana wake, kwa upendo, anamhimiza anywe maji, kikombe baada ya kikombe. Siku ya tano nyanya anasinzia mchana kutwa, anapepesuka akitembea, na mjukuu anamwita kwa jina la marehemu mumewe. Majirani wanasema, "Aa, ni uzee." Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Lakini huenda ni chumvi ya damu iliyopungua.

Inakuwaje?

Damu yetu ina chumvi iitwayo sodiamu. Kipimo chake cha kawaida ni 135 mpaka 145. Kikishuka chini ya 125 mambo ni mazito.

Kichwani hutoka homoni inayoziamuru figo zizuie maji yasipotee yote kwa mkojo. Inatusaidia sana tukilima juani. Lakini nimonia, kifua kikuu, kiharusi, uvimbe wa saratani kwenye mapafu, au dawa fulani za kifafa na za ugonjwa wa huzuni zinaweza kuifanya itoke kupita kiasi. Basi figo zinazuia maji hata kama yametosha. Ni kama kuongeza maji kwenye sufuria ya mchuzi: chumvi ni ileile, lakini mchuzi umekuwa chapwa. Maji hayo huingia kwenye ubongo, nao unavimba.

Wazee hupatwa zaidi, kwa sababu figo zao zimepungua nguvu na wengi wanameza dawa za aina kadhaa. Hata dawa za presha zinazoongeza mkojo zinaweza kushusha sodiamu.

Dalili za kuangalia

- Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu
- Kupepesuka na kuanguka mara kwa mara
- Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida
- Degedege au kupoteza fahamu: hii ni hatari, kimbia hospitali usiku huohuo

Tufanye nini?

1. Mpeleke hospitali apimwe damu. Malaria na sukari pia huchanganya akili, kwa hivyo zipimwe zote.
2. Beba dawa zake zote, hata za kienyeji, daktari azione.
3. Usimlazimishe maji. Wengi wenye shida hii huambiwa wapunguze maji, lakini kiasi aamue daktari. Mwenye kuhara au kutapika ni tofauti: huyo amepoteza maji na chumvi, anahitaji maji ya ORS.
4. Usimnyweshe chumvi nyumbani. Hata hospitalini sodiamu hupandishwa polepole, kwa sababu ikipanda haraka ubongo unaweza kuumia kabisa.
5. Usimwachishe dawa bila kumwuliza daktari.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu chanzo kikijulikana na kutibiwa mapema.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni wazee gani kijijini kwetu wanaoishi peke yao? Nani atawaangalia kila juma?
2. Je, tumewahi kusema "ni uzee tu" kumbe mtu alikuwa mgonjwa?
3. Mzee akizidiwa usiku, gari tutapata wapi, na pesa za nauli zitatoka mfuko gani?

Msiondoke kikundini kabla ya kujibu swali la tatu.