Vifo vya Janga: Nani Hufa, na Nani Huhesabiwa

Ugonjwa wa mlipuko hauui watu wa rika zote kwa kiwango kimoja. Mafua ya mwaka 1918 yaliua kwa wingi watu wenye umri wa miaka 20 hadi 40. UVIKO-19 uliua zaidi wazee na wenye maradhi kama kisukari na shinikizo la juu la damu. Kwa kuwa Watanzania wengi ni vijana, jumla ya vifo peke yake yaweza kuficha hatari inayowakabili wazee.

Nchini, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa Machi 16, 2020. Hadi mapema Mei vilitangazwa vifo 21. Kisha utoaji wa takwimu ukasitishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hata takwimu za hospitali zinapotolewa, mzee aliyefia nyumbani Endagikot, Mbulu, hahesabiwi asiposajiliwa.

Kwa hiyo, familia isajili kifo ndani ya siku 30. Mhudumu wa afya naye aandike umri, jinsia, mahali na dalili zilizotangulia, akiwahoji wafiwa kwa staha. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazoonyesha nani alindwe kwanza janga jingine litakapozuka.