Kwa nini kangaga hujaa msitu wa mawingu?

SWALI: Nilipopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame niliona kangaga tele msituni, hata juu ya miti. Huku chini Moshi ni chache. Je, ni udongo?

JIBU: Udongo unachangia, ila mwenye neno kubwa ni maji. Kangaga haina ua wala mbegu. Hutawanya spora, ule unga ulio upande wa chini wa jani. Spora ikiota hutoa kipande cha kijani kidogo kuliko ukucha, na hapo seli za kiume lazima ziogelee ili zilifikie yai. Pakikauka, uzazi umekwama. Ndiyo maana aina huongezeka kuelekea ukanda wa mawingu, kisha hupungua baridi inapozidi.

Ndani ya ukungu kila kundi lina makazi yake: kangaga-miti (Cyathea) makorongoni, nyingine sakafuni penye kivuli, nyingine kwenye magome. Hizi za mitini hazinyonyi mti, hujishikiza tu. Zinazonivutia zaidi ni zile zenye majani ya unene wa seli moja. Hukauka na kujikunja jua likiwaka, ukungu ukirudi hukunjuka.

Lakini usidhani penye kangaga nyingi pana msitu salama. Kangaga ya jenasi Pteridium hutanda palipoungua, kwa kuwa shina lake la chini ya ardhi hunusurika moto, na huweza kuzuia miche ya miti. Ukiikuta peke yake imefunika mteremko mzima, aghalabu msitu wa hapo umeshachomwa au kukatwa.