Usiuze Kibanja Kabla Hujauliza

Maneno haya ni kwa familia ya Ngara au Biharamulo inayotaka kumpeleka ndugu yao soba, yaani nyumba ya upataji nafuu, mjini.

Jua kwanza anatumia nini. Mnywa gongo na mtumiaji wa heroini hawatibiwi kwa dawa moja. Methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haimfai mlevi wa rubisi wala mvuta bangi.

Usimfungie chumbani mnywaji wa kila siku eti pombe imtoke. Siku chache za mwanzo ndizo mbaya: kikombe cha uji kinamwagika kabla hakijafika mdomoni, jasho linamtiririka, anaongea na watu wasiokuwapo, hata degedege. Hali hiyo inaua. Mwahishe hospitali ya Murugwanza, ya Rulenge au Hospitali Teule ya Biharamulo, na umwambie daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini.

Usimfunge kamba. Wala usimkabidhi kwa mwenye minyororo, hata kama anaombea watu.

Piga 119. Ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Uliza nyumba za upataji nafuu wanazozitambua, kabla hujamsikiliza mpambe wa stendi.

Usilewe na neno "bure". Methadoni hailipiwi, na Mwanza inatolewa Hospitali ya Sekou Toure. Lakini mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na hata daraja la Kigongo–Busisi halijaisogeza Rulenge kiasi cha kwenda na kurudi. Gharama iko kwenye chumba, chakula na nauli ya daladala, kwa miezi, pengine miaka. Tafuta kwanza shangazi au mjomba wa kumpokea, ndipo ukate tiketi.

Soba nazo si hospitali. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu, na hulipiwa kwa mwezi. Nenda mwenyewe. Angalia wanapolala, jikoni, chooni. Uliza akiugua usiku anapelekwa wapi, na kama ada imejumlisha dawa na sabuni. Ukizuiwa getini, rudi na hela zako. Usilipe miezi yote kwa mkupuo.

Na kama gongo inapikwa uani kwenu, zimeni moto huo kabla hajarudi.