Dondoo Muhimu: Kabla ya Kupanda Miti, Tafuteni Hati ya Bustani

Wakazi wanaotaka kuokoa bustani ya mtaa aghalabu huanza kwa kupanda miti. Anzeni na hati, kwa sababu mche haumzuii mnyakuzi wa ardhi mwenye karatasi. Mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, kwa kuandikia barua ofisi moja baada ya nyingine, na mradi ule ukafa. Nako katika Msitu wa Karura, jijini humo, Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango kwa vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Wakazi waliojipanga kuanzia 2009 waliupitia: uzio ukajengwa, vijana wa mitaa jirani wakaajiriwa ulinzi, na msitu uliotisha watu ukajaa familia. Basi fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hakikisheni mawe ya mipaka yapo, sajilini kikundi, kisha muwekeane mkataba wa maandishi na kaunti au halmashauri.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali, kodi tunalipa. Ni kweli, lakini afisa huhamishwa na mkazi hubaki. Hofu nzito zaidi ni kwamba wenye uwezo wataigeuza bustani kuwa mali yao binafsi. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Kwa hiyo mama muuza chai na vijana wa mpira wawe na kura kwenye kamati, na hesabu zibandikwe getini kila mwezi. Wiki hii, ulizeni hati ya bustani yenu iko wapi.