Jiwe la Figo na Njia Iliyozibika

Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita 1 hadi 2 tu hutoka zikiwa mkojo. Chumvi zilizomo zikizidi, au mkojo ukituama, chumvi hizo huganda zikawa jiwe.

Zamani jiwe kubwa lilitolewa kwa kupasua ubavu. Mwaka 1976 Fernström na Johansson, madaktari wa Uswidi, walieleza namna ya kulitoa kwa kupitia kitundu kidogo mgongoni. Siku hizi pia bomba jembamba lenye taa huweza kupitishwa kutoka njia ya mkojo na kibofu hadi kwenye mrija wa figo, na jiwe likavunjwa kwa mwali wa leza. Kidonda huwa kidogo, au hakipo kabisa.

Lakini si kila jiwe ni la kawaida. Katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, kuna kichocho cha kibofu. Konokono waishio katika madimbwi na malambo hutoa viluwiluwi vya minyoo, navyo hupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Minyoo ikomaapo hutaga mayai katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yanaponasa katika kuta za kibofu na mirija, huleta makovu. Kovu huukaza mrija, mkojo hutuama juu yake, figo huvimba, na jiwe huweza kujijenga hapo.

Daktari akilivunja jiwe hilo na kuuacha mrija ulivyo, vipande havina pa kutokea, na jiwe jingine laweza kufuata. Hana budi kuichunguza njia nzima kwa picha, kisha kuupanua mrija kwa puto dogo, au kuweka ndani yake mpira mwembamba kwa muda. Kovu likiwa refu, huenda upasuaji mkubwa ukahitajika.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haiwezi kufuta makovu ya miaka mingi. Kwa hiyo mwanafunzi aonaye damu katika mkojo wake asione haya. Na aende kituo cha afya mapema.

Maswali
1. Kwa nini mkojo uliotuama huleta jiwe?
2. Eleza kwa nini kuvunja jiwe peke yake hakutoshi mrija ukiwa na kovu.