Ubongo si udhuru wa kumpiga mke

Kila ninapoitwa kusuluhisha ndoa hapa Himo, mume aliyempiga mkewe hunipa neno lile lile: "Ustadh, hasira zilinipanda, shetani akanizidi." Siku hizi wapo wasomi wanaoongeza kuwa hata sayansi imethibitisha: ubongo wa mpigaji ndivyo ulivyo. Hoja hii tuitazame.

Ni kweli utafiti upo. Mwaka 2008 Tatia Lee wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzake, akiwemo Adrian Raine, walitangaza matokeo ya kupima kwa MRI bongo za wanaume wanaopiga wake zao. Mbele ya vichocheo vya ukali, sehemu ya ndani ya ubongo inayoamsha hofu na hasira ilichemka kuliko kwa wanaume wengine, na ile ya mbele, iliyo kama breki, ikafanya kazi kidogo. Lakini waliopimwa walikuwa wachache, na picha haisemi kipi kilitangulia: ubongo ulimfundisha kupiga, au mazoea ya kupiga yaliufundisha ubongo.

Tuje kwetu. Utafiti wa Moshi mjini uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa zaidi ya mwanamke mmoja katika kila watano alifanyiwa ukatili na mwenziwe ndani ya mwaka mmoja. Hatari ilizidi pale mume alipotoa matumizi kiduchu, alipokuwa na wanawake wengine, au mke alipopata tabu ya kushika mimba. Je, kunyima matumizi nako ni maradhi ya ubongo?

Mtazame mume huyo huyo sokoni. Dalali anampunja kwenye mahindi, askari anamfokea njia panda. Anameza mate, ananyamaza. Breki imeshika! Inakatikaje akifika nyumbani, mbele ya asiyeweza kumrudishia?

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mwenye nguvu ni anayejizuia anapoghadhibika, na kwamba aliyekasirika akiwa amesimama aketi, isipomtoka alale. Maana yake hasira ipo mwilini, na inazuilika. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Basi anayejificha nyuma ya aya ya 34 ya Suratun-Nisaa aanze kwa kutazama mwendo wa aliyeteremshiwa. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo.

Ndugu Waislamu, mwenye hasira zisizoshikika atafute tiba kabla hajainua mkono. Nasi walimu na masheikh tusimrudishe mwanamke mwenye majeraha kwa neno "subiri" peke yake. Mwenye kuhitaji nasaha ya kwanza ni aliyepiga.

Wallahu a'lam.