Dada, Mwenzangu Ananibadilishia Biti

Barua ya leo imetoka Shimanzi, Mombasa. Ni kijana anayetengeneza muziki wa kompyuta na rafiki yake, kwenye chumba kilicho nyuma ya godauni la chai. Anauliza: "Dada, tumeshibana tangu utotoni, lakini nikirudi asubuhi nakuta mwenzangu kashabadilisha midundo yangu. Jukwaani nako tunang'ang'ania laptopu moja. Mwezi ujao tuna shughuli ya harusi Mji wa Kale. Tuendelee au tuachane?"

Mdogo wangu, pole. Sasa keti tuzungumze. Kwa maelezo yako sioni ugomvi wa kuvunja urafiki. Ninachoona ni kazi ambayo haijagawanywa, na kila mmoja anadhani yote ni yake.

Watazame wenzenu wa Dar es Salaam, Sisso na Maiko. Wanapiga singeli, muziki unaokimbia midundo 200 kwa dakika na kuzidi. Sisso ndiye mwenye studio kule Mburahati, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za hapo, Sounds of Sisso. Mwaka 2024 yeye na Maiko wakatoa albamu ya pamoja, Singeli Ya Maajabu. Jukwaani Sisso hushika laptopu, Maiko hushika kinanda. Kwa kasi ile, saa ya kuulizana nani aingie haipo. Kundi la Duma la Nairobi nalo lilijipanga hivyohivyo: Martin Khanja kwenye maiki, Sam Karugu kwenye mitambo na gitaa, na albamu yao ya 2020 ikavuka mipaka.

Kwa hiyo kwanza kabisa: kila wimbo uwe na mwenyewe. Aliyeleta wazo ndiye mwenye neno la mwisho kwenye wimbo huo, na unaofuata ni zamu ya mwingine. Mwenzako akitaka kuchokonoa usiku, achokonoe, ila faili ya asili asiiguse. Aliyoibadilisha aihifadhi kwa jina jipya, lenye tarehe na herufi ya jina lake. Asubuhi sikilizeni zote mbili, kwenye spika na kwenye simu, kisha mwenye wimbo aamue. Akishaamua, hakuna kununa.

Halafu gawaneni sauti. Kiki na besi zikikaa mahali pamoja kule chini, hugombana na wimbo ukawa ngurumo tupu. Mmoja ashughulike na sauti za chini, mwingine kinanda, waimbaji na mapambo. Na kama mnataka kutia chakacha, kubalianeni hesabu kabla ya kuweka mdundo wa kwanza. Chakacha huenda sita kwa nane, na programu nyingi hufunguka zikiwa nne kwa nne. Mmoja akihesabu hivi na mwenziwe vile, mtalaumiana bure.

Sasa tuje kwenye harusi. Laptopu moja kwa mikono minne, hapana. Azimeni ya pili, au mmoja ashike kinanda. Mkitumia mashine mbili, moja ndiyo itoe mwendo na nyingine iufuate. Msitegemee masikio pekee, ukumbini kuna kelele. Wekeni miksa katikati, na iamuliwe mapema nani anapandisha na kushusha sauti. Simameni mnapoonana usoni, muwe na ishara mbili tu: "refusha" na "tunabadilisha". Nyinyi watoto wa Mombasa mnajua, kina mama wakishafunga leso kiunoni, ole wake atakayekata wimbo! Hapo mmoja auzungushe mdundo uleule, mwingine aandae wimbo wa pili kwenye hedifoni. Nakala za nyimbo zote ziwe kwenye flashi mbili, kila mmoja na yake mfukoni.

Fedha nazo msizionee haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku wimbo unapokamilika, andikeni karatasi: nani kaandika maneno, nani katunga, kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha mtie sahihi. Msingoje wimbo uvume, maana wimbo ukivuma kila mtu hukumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Sheria ya Kenya huilinda kazi yenu tangu inaporekodiwa, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, huwapa ushahidi siku mambo yakichacha. Na haki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Mkiwa wawili mliotunga kazi moja, huhesabiwa tangu afe wa mwisho. Karatasi hiyo mnayoiona ndogo, huenda wajukuu zenu wakaisoma.

Kuhusu kuachana, subirini kwanza harusi ipite mkiwa mmejaribu utaratibu huu. Na hata mmoja akitamani kutoa kazi ya peke yake, msiite usaliti. Khanja wa Duma alitoa ya kwake mwaka 2024, The Adept, kwa jina la Lord Spikeheart. Mwenye daftari safi huondoka bila deni la mtu, na akitaka kurudi, mlango anaukuta wazi.

Jioni hii, kabla hamjawasha spika, mpe mwenzako barua hii aisome. Kisha chukueni kalamu mgawane nyimbo mlizonazo: hii yako, ile yangu. Mkikwama, niandikieni tena, nyote wawili.